Moto Upande wa Ndani

Mama yangu alivuta sigara kwa kuweka moto ndani ya mdomo. Nikiwasimulia wateja wangu wa hapa mjini wananiangalia kama ninawapunja kitambaa, lakini waliokulia upande wetu wa Madaba hawashangai. Wanawake wengi wa umri wake walivuta hivyo. Sigara inawashwa, inavutwa kidogo ili moto ushike, kisha inageuzwa. Upande unaowaka unaingia kinywani, midomo inaufunga, na mwenyewe anaendelea na shughuli zake. Anapepeta mahindi, anakujibu, anakukaripia, na wewe unaona tu kipande cha karatasi kimechungulia na moshi unatoka puani. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba wanaume huvuta moto ukiwa nje na wanawake huvuta ukiwa ndani, kama vile wao walivyovaa suruali na sisi khanga. Sikuuliza kwa nini. Mtoto haulizi kwa nini mama yake ana pua.

Hata sigara za dukani hakuzipenda sana. Alikuwa na miche yake ya tumbaku nyuma ya jiko, majani aliyakausha kwenye moshi wa kuni, akayasokota kwenye karatasi mwenyewe. Mikono yake ilinukia tumbaku na mimi niliipenda harufu ile. Naisema wazi kwa sababu baadaye nilikuja kuipiga vita kama mtu asiyeijua.

Jambo jingine la mama lilikuwa chumvi. Chakula chake kilikuwa na chumvi kuliko cha nyumba yoyote kijijini, na sisi watoto wake tukakua tukidhani chakula cha watu wengine ndicho kina upungufu. Nilipoolewa nikaja kuishi hapa Lizaboni, mama mkwe alionja maharage yangu, akaweka kijiko chini taratibu, akauliza kama kwetu Madaba kuna mgodi wa chumvi. Nilinuna wiki nzima. Nilipika kama nilivyofundishwa, na asiyependa alikuwa na ruhusa ya kwenda kupikiwa kwingine. Mume wangu ni mtu wa amani. Alijizoeza kuweka kikombe cha maji kando ya sahani, na mpaka leo anakiweka.

Mama alipoanza kuacha pilipili nilidhani ni uzee. Kisha akaanza kutafuna upande mmoja. Kisha nilipoenda kumsalimia nikakuta anakula ugali kwa uji, ugali ndani ya uji, ili uteleze. Nikamwambia afungashe twende hospitali ya mjini. Akasema kuku wake atamwachia nani. Nikamwambia kuku tutawala safarini. Hakucheka, lakini alifungasha, na hapo nikajua kwamba maumivu ni makubwa kuliko anavyosema.

Hospitalini, daktari wa kinywa alimwamkia shikamoo, akamwomba aachame, akamulika. Alikagua muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akauliza, "Bibi, unavuta moto ukiwa ndani?"

"Kwani wewe unavutaje?" mama akajibu, mdomo wazi.

Aliniita nami niangalie. Sikuwahi kuona ndani ya kinywa cha mama yangu. Dari la kinywa lilikuwa jeupe, limekauka na kupasukapasuka kama ukuta uliopakwa chokaa, na juu ya ule weupe kulikuwa na vidoa vyekundu vidogovidogo. Nyuma kabisa, karibu na koo, palikuwa na mahali ambapo daktari hakupapenda. Alikata kipande kidogo cha nyama kwenda kupimwa. Majibu yaliporudi alitueleza pole pole, Kiswahili cha kueleweka. Haijawa saratani. Lakini moto ule umeunguza pale miaka mingi, na ukiendelea, yeye hatashangaa siku itakapokuwa saratani. Mama aache. Asipunguze, aache. Halafu tungerudi baada ya miezi kadhaa atazame tena pale nyuma.

Tulipotoka nje mama akasema, "Daktari mzuri. Ana mikono ya baridi tu." Kisha akaniambia anaenda kujisaidia, na nikauona moshi ukitoka nyuma ya vyoo vya hospitali.

Nitasema ukweli, sikuwa mvumilivu. Mimi ni fundi cherehani, nimezoea kwamba ukikata kitambaa kimekatika. Nilimnunulia peremende, nikamnunulia karanga, nikamkataza, nikamvizia. Alikaa siku mbili tatu akiwa mpole, mikono ikipapasa mapajani kama inatafuta kitu kilichodondoka, kisha nikanusa. Nikapekua. Tumbaku niliikuta ndani ya kipochi cha rozari, imefungwa vizuri kwenye nailoni, chini ya Bikira Maria.

Nilipiga kelele zilizosikika mpaka kwa jirani. Nilimwambia kama anataka kufa, akafie Madaba, nisione.

Mama aliniangalia tu. Akasema, "Wewe ukiambiwa leo usishone tena, utakaa unaangalia nini?"

Akachukua kigoda chake akaenda kukaa uani, kanipa mgongo. Ulikuwa mgongo mdogo kuliko ninavyoukumbuka. Nilirudi kwenye cherehani nikashona mkono wa kulia wa gauni la watu mahali pa mkono wa kushoto, nikaufumua, nikalia kidogo huku nafumua.

Gauni lilikuwa la mteja mmoja wa Ruhuwiko, mama wa makamo mwenye maneno mengi. Alipokuja kulijaribu alitoa kwenye mkoba kitu chembamba kama kalamu nene, akakivuta, chumba kikanukia embe. Nilimuuliza kama ni dawa ya pumu. Akacheka, akasema hii ndiyo vepu, sigara ya umeme. Yeye alikuwa mvutaji wa miaka mingi, na kitu hicho ndicho kilichomtoa kwenye sigara. Hakina moto. Kuna maji yenye fleva ndani, kuna waya mdogo unaoyapasha, unavuta mvuke. Mimi nilisikia neno moja tu katika yote hayo, kwamba hakina moto.

Kabla ya kununua nilirudi hospitalini, nikamdaka daktari kwenye korido. Hakufurahi. Alisema si dawa na si kitu salama, mwenye akili asiyevuta asikiguse, na mtoto asikisogelee. Akavua miwani, akaifuta kwa koti. "Lakini kama ameshindwa kabisa kuacha, na hicho kitautoa ule moto mdomoni, basi kiwe cha muda. Amalizane na moto, kisha amalizane na hicho pia." Nikamwahidi. Niliahidi kwa niaba ya mtu ambaye hata kumwahidia kupiga mswaki nisingeweza.

Duka lililouza vitu hivyo lilikuwa la vifaa vya simu, karibu na stendi. Nilitegemea kumkuta mwanaume mwenye kofia ya kugeuza. Nikamkuta dada mmoja wa Tunduru, kajitanda mtandio wa kijani, sauti ya chini, makava ya simu yamening'inia pande zote. Nikamwambia nataka vepu ya bei nafuu. Akauliza ya nani. Nikasema ya mama yangu. Akaniangalia mara mbili.

"Mimi sivuti, dada, nauza tu," alisema. "Baba akisikia hata kwamba nauza, wallahi nitarudishwa kuokota korosho. Kwa hiyo nitakwambia kama ninavyowasikia wateja, sitakwambia kwa kuonja."

Akapanga vitu juu ya kioo cha kaunta. Zilikuwepo zile za rangirangi kama pipi, za kuvuta mpaka ziishe na kutupa. Ndizo za bei ya chini kabisa, na mkono wangu ulikuwa umeshazifuata. Akanizuia. Alisema mtu aliyezoea kuvuta kila saa ataimaliza haraka, mimi nitarudi, nitarudi tena, na mwisho nitakuwa nimetoa zaidi ya bei ya ile nzuri. Lilikuwepo dude kubwa zito lenye vitufe na kioo, la wale wanaopenda kutoa mawingu. Nikasema hilo mama atalitumia kusagia karanga. Kisha akanionyesha kimoja kidogo, cheusi, cha kawaida, hakina kitufe. Unakivuta kinawaka chenyewe. Juu kina kichupa cha kujaza maji, chini kina tundu la kuchajia kwa waya wa simu na kitaa kidogo cha bluu kinachowaka ukivuta. Kichupa kikianza kutoa ladha ya kuungua unanunua kichupa tu, si kifaa kizima.

"Huyo mama anavuta sana?"

Niliona aibu, nikajibu kana kwamba naulizwa mimi. "Sana."

"Basi maji yake yawe ya kati. Ukimpa makali sana kichwa kitamgonga. Ukimpa mepesi sana, jioni atarudi kwenye sigara yake. Baadaye mtashuka."

Hapo ndipo nilipojifanya mjuaji. Alinifungulia chupa ninuse: embe, tikiti, mnanaa, kahawa, tumbaku. Mimi nikachagua tikiti, kwa sababu lilinukia vizuri kwangu na kwa sababu nilitaka mama aisahau tumbaku hata kwa jina. Nilipatana bei mpaka dada wa Tunduru akacheka na kunipunguzia. Alinikumbusha kuiweka chupa juu, mbali na wajukuu, maana ukinywa ni sumu. Akaniambia pia kwamba kichupa kikijazwa kiachwe kwanza kitulie, pamba ya ndani inywe maji, ndipo mtu avute. Nilimsikia kwa sikio moja, sikio jingine lilikuwa limeshafika nyumbani.

Mama alikipokea kwa mikono miwili kama mtu anapokea mtoto wa watu. Akakigeuzageuza. Nilijaza maji, nikampa hapo hapo, akavuta, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. "Kinaungua!" akasema. Nikakumbuka habari ya pamba. Tukasubiri, akajaribu tena, akalamba midomo, akakunja uso.

"Mwanangu, hii ni pipi."

"Utazoea."

"Navutaje?"

Nilikuwa na sare za kwaya nzima zinanisubiri mezani. "Vuta kama unavyovuta sigara, mama," nikamwambia, nikarudi kwenye cherehani.

Kesho yake kile kifaa kilikuwa kimekufa. Nilikichaji, kikagoma. Nikakipeleka dukani, dada akakipuliza, akakiweka juani, kikafufuka. Nikakirudisha nyumbani, kikafa tena. Niliporudi mara ya pili sikumsalimia. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba ameniuzia takataka, kwamba nimemwamini kwa ajili ya mtandio wake, na maneno mengine ambayo mtu akiyasema anayasikia yakitoka na bado hayazuii. Yeye alikifuta kifaa kwa pindo la mtandio, akachungulia lile tundu la kuchajia, akakisogeza puani.

"Dada," akasema taratibu, "huyu mama anakifanyia nini? Huku chini kumejaa mate."

Nikamwambia mama yangu si mtoto wa kutemea mate vitu vya watu. Mwanaume mmoja aliyekuja kuweka kioo cha simu akacheka kwa nguvu. Dada hakucheka. Alinipa kingine, akasema hiki kikirudi na mate hatanibadilishia, ila nikae nimwangalie anavyokitumia.

Nilirudi nyumbani nimevimba. Nilimpa mama kifaa kipya, nikajifanya naenda dukani kununua uzi. Nikazunguka nyuma. Alikuwa kwenye kigoda chake pale uani, kando ya matembele. Akakitazama kifaa, akakivuta mara moja kwa upande wake sahihi, kitaa cha bluu kikawaka kule mwisho. Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba moto umeshika. Kisha akakigeuza. Akakiingiza mdomoni kwa upande wa kitaa, akafunga midomo, mikono ikaenda kwenye mboga alizokuwa anachambua, akaanza kuvuta. Mashavu yakaingia ndani. Akavuta tena kwa bidii. Kile kichupa cha tikiti kilikuwa kimetokeza nje, kinatazama mbingu.

"Mama! Unafanya nini?"

Alishtuka, akakitoa, mate yakafuatana nacho. "Si ulisema nivute kama ninavyovuta?" Alikuwa amekasirika kikweli. "Moto wenyewe nimeuona, wa bluu, lakini hauna joto hata kidogo. Nimevuta mpaka mashavu yanauma. Umeibiwa, mwanangu. Rudisha."

Nilicheka mpaka nikakaa ndani ya matembele. Mama alininunia kwanza, kisha midomo ikaanza kumcheza, akaweka kiganja mdomoni kwa sababu kucheka kulimuuma, na bado akacheka. Majirani wakachungulia juu ya ukuta. Tulikuwa hatujacheka pamoja tangu nimtoe Madaba.

Kicheko kilipoisha nilibaki nimekaa pale chini, karibu na miguu yake. Ndipo nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza. "Kwani mama, kwa nini moto ndani? Nani alikufundisha?"

Aliendelea kuchambua mboga. "Wenzangu walinifundisha. Nikawa nakataa, maana unaunguza. Nilikuwa navuta kama wanaume." Akatupa jani bovu. "Siku moja natoka kuokota kuni, mzigo kichwani, wewe mgongoni. Upepo ule wa kwetu unaujua. Sigara mdomoni, mikono yote imeshika kuni. Cheche ikaruka nyuma. Wewe ukalia, nikadhani umechoka kubebwa, nikakubembeleza kwa kutikisa mgongo, naendelea kutembea. Nilipofika nyumbani ndipo nikaona."

Alinyoosha kidole chake kilichobabuka kwa tumbaku, akagusa nyuma ya sikio langu. Nina kovu hapo. Ni dogo kama mbegu ya boga na huwa nalifunika na nywele. Siku zote niliamini kwamba nilimwagikiwa uji.

"Tangu siku ile nikaugeuza," mama akasema. "Niungue mimi."

 Nilikumbuka dari lile jeupe nililoonyeshwa kwa tochi, nikakumbuka na kelele zangu, nikakumbuka nilivyomwambia akafie kwao. Nilimshika miguu. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu na nilimshika mama yangu miguu katikati ya matembele, mchana kweupe, majirani wanaona. Alinipiga kikofi cha kichwani akaniambia ninamwangushia mboga.

Baada ya hapo mambo hayakuwa mepesi, lakini mimi nilikuwa mwepesi kidogo. Nilienda naye dukani, akachague mwenyewe. Kwanza nilimwomba radhi yule dada mbele ya wateja, maana nilimtukana mbele ya wateja. Alisema ameshasahau, ila alitaka kujua habari ya mate. Nilipomweleza alifunika uso kwa mtandio, mabega yakatikisika, kisha akasema nyanya yake kule Tunduru naye anavuta hivyo hivyo, ila yeye hakufikiria.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nionyeshe mali yako."

Mama alinusa kila chupa amefumba macho, kama anavyonusa maharage kujua kama yameingia wadudu. Tikiti alilirudisha juu ya kaunta. Chupa ya tumbaku, ambayo sasa nilikuwa tayari kuinunua kwa moyo wote, aliinusa, akanusa tena, akaifunga.

"Hii imetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuona tumbaku."

Akachagua kahawa. Alisema inamkumbusha dada yake aliyeolewa Mbinga, walivyokuwa wakikaanga kahawa kwenye kigae cha chungu na kuitafuna kama karanga. Nilikuwa nimeishi na mama huyu maisha yangu yote na sikujua kwamba aliwahi kutafuna kahawa.

Tatizo la upande bado lilikuwepo. Mkono uliozoea kugeuza haukumuuliza mwenyewe ruhusa. Anakivuta vizuri, anaanza kuongea, ukitahamaki kimegeuka. Basi nikafanya kitu ninachokijua. Nilichukua kipande cha kitenge kilichobaki kwenye gauni la mteja wa Ruhuwiko, nikakishonea kile kifaa kifuko cha kubana upande wa chini, kifunike tundu na kitaa, nikaweka uzi wa kuvaa shingoni. Nikamwambia upande wenye kitambaa hauingii mdomoni. Mara za kwanza nilisikia akitema nyuzi. Baadaye mdomo ukajifunza.

Alikuwa anakaa nami barazani ninaposhona, kigoda karibu na pedeli, kifaa kimening'inia kando ya rozari. Anavuta kidogo, anapuliza mvuke kuelekea barabarani, mbali na vitambaa vya watu. Kilichomsumbua kilikuwa joto. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati, aliniambia mdomo wake unahisi kama jiko lililozimwa. Nilimpa chai ya vuguvugu, akaishikilia mdomoni muda mrefu kabla ya kumeza. Siku nyingine alirudi kutoka kanisani ananuka moshi halisi, moshi wa tumbaku ya majani, na alipita mbele yangu haraka. Nilisikia ulimi wangu ukijiandaa. Nikaung'ata. Jioni alikuja mwenyewe, akaweka mkononi mwangu msokoto mmoja uliobaki, akasema, "Tupa wewe. Mimi nitaangalia unapodondokea."

Yule dada wa Tunduru alitushusha pole pole kama alivyosema. Kutoka maji ya kati tukaja mepesi, kutoka mepesi tukaja mepesi zaidi, na mama akijua kila hatua, maana niliapa sitamdanganya. Alilalamika. Alisema sasa anavuta hewa ya kahawa, na hewa ipo bure. Kisha kuna siku nilitaka kumjazia kichupa, nikakuta bado kimejaa. Niliangalia tena siku iliyofuata. Kifaa kilikuwa kwenye msumari, karibu na kalenda ya parokia, na kifuko chake cha kitenge kimeanza kushika vumbi. Sikumwambia kwamba nimeona. Niliogopa nikisema atakumbuka.

Siku ya kurudi kwa daktari sikulala vizuri. Mama alivaa gauni jipya nililomshonea, akajipaka mafuta, akaniuliza kwa nini nimekaa kama mtu wa msibani. Daktari alimulika, akakagua muda mrefu tena. Mara hii nilishika mkono wa kiti. Akasema weupe umefifia sana. Pale nyuma pamepungua, na kwa anavyopaona sasa hapamtishi kama mwanzo, ila atataka kupaona tena na tena, na hawezi kuniambia neno la mwisho. Mama akasema asante, akamwambia mikono yake bado ni ya baridi.

Nilitaka daktari aseme amepona. Hakusema. Nilitembea kutoka hospitalini nikiwa na furaha isiyojua ikae wapi, nusu yake woga. Nikapita sokoni nikanunua dagaa wa Nyasa, wale wakubwa, kwa sababu mama anawapenda na kwa sababu mikono yangu ilitaka kazi. Niliwakaanga na nyanya na vitunguu. Nikaweka chumvi kama ninavyoweka siku zote, kama nilivyoona ikiwekwa jikoni kwetu, kwa kiganja, bila kupima. Nikasonga ugali. Mume wangu akanawa, akaweka kikombe chake cha maji mahali pake.

Mama alisali, akamega tonge, akachovya, akaweka mdomoni. Akaacha kutafuna. Nikadhani kumemuuma. Akatafuna tena taratibu, anasikiliza mdomo wake, akameza, akanitazama kwa mshangao mkubwa.

"Mwanangu," akasema, "chumvi yote hii ya nini? Nani alikufundisha kupika hivi?"

 Machozi yangu yalikuwa yameshafika kidevuni. Mume wangu alinitazama, akamtazama mama, kisha akachukua kikombe chake cha maji akakisogeza taratibu mpaka kando ya sahani ya mama.